Nani Anahesabu Risasi? Tafakari juu ya Risasi Zinazojazwa Nyumbani

Kila mwaka, mwezi Septemba, Umoja wa Afrika huwaalika wananchi wa Bara letu kusalimisha kwa hiari silaha wanazozimiliki kinyume cha sheria, bila hofu ya kushitakiwa. Wakuu wa nchi walipitisha azimio hilo mwaka 2017, na baadaye muda wake ukaongezwa hadi mwaka 2030. Tanzania nayo imekuwa ikitangaza msamaha wa namna hiyo. Parokiani tangazo husomwa mwishoni mwa Misa Takatifu, likiwa limebanwa kati ya matangazo ya ndoa na mchango wa ujenzi, kisha waamini hutawanyika kwenda kupika.

Safari hii mzee mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo alinisubiri nje ya kanisa. Anamiliki bunduki ya marisau kwa kibali halali, naye huitumia kufukuza nguruwe pori na nyani shambani kwake. Hivyo tangazo halikumhusu, au ndivyo nilivyodhani.

“Mwalimu,” aliniambia, “mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu watu wa Marekani wanajaza risasi wao wenyewe, mezani, nyumbani kwao. Mimi maganda yangu nayatupa, na risasi dukani hazishikiki kwa bei. Nikijaza ya kwangu, kwa bunduki ya kwangu, yenye kibali, nitakuwa nimetenda dhambi?”

Nilikuwa tayari kumjibu kwa sentensi moja. Nilipofungua kinywa nikaona sentensi hiyo sinayo, nikamwomba anipe wiki moja.

Tuanze na kile alichokiona mjukuu. Nchini Marekani kujaza risasi nyumbani ni kazi ya mkono ya siku nyingi, tena ni halali. Risasi moja kamili ina sehemu nne: ganda, ambalo kwa bunduki nyingi ni la shaba ya manjano, fataki, yaani kile kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda ambacho huwaka kikigongwa na pini ya bunduki, baruti, na kichwa, ndicho kipande kinachoruka. Bunduki inapofyatuliwa, fataki na baruti huteketea, kichwa huenda zake, lakini ganda hubaki, nalo ndilo sehemu yenye gharama kubwa. Kwa sababu hiyo wawindaji na walenga shabaha huokota maganda yao, huyasafisha, huyarudishia umbo kwa mashine ndogo ya mkono, kisha huyatia fataki, baruti na kichwa kipya. Hata ganda la plastiki la bunduki ya marisau, kama ya mzee wetu, hujazwa upya. Wengine hufanya hivyo ili kubana matumizi. Wengine hutafuta shabaha, kwa kuwa risasi iliyopimwa kwa ajili ya bunduki moja hulenga vizuri kuliko ile iliyotengenezwa kwa bunduki zote. Wakati wa UVIKO-19, risasi zilipoadimika katika maduka ya Marekani mwaka 2020 na 2021, hata waliozoea kujijazia walikwama, maana fataki nazo hazikupatikana.

Wanaoanza kazi hiyo huko hawagusi baruti kabla ya kusoma kitabu cha vipimo kinachotolewa na watengenezaji wenyewe. Wazoefu huwasisitizia: aina moja tu ya baruti mezani, mizani iliyohakikiwa, miwani machoni, wala pasiwepo sigara, pombe au mazungumzo. Sababu ni nzito. Kipimo kikizidi kidogo, bunduki inaweza kupasuka mbele ya uso wa mwenyewe. Baruti ikisahaulika, kosa ni la namna nyingine: fataki peke yake husukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kikakwama humo, na risasi inayofuata humkuta mwenzake njiani. Mjukuu hakumwonyesha babu sehemu hiyo. Picha za simu hazina harufu wala majeruhi.

Lipo pia jambo la madini. Kiswahili chetu hakikukosea kuyaita madini na kipande kinachoua kwa jina lilelile. Risasi, yale madini laini ya kijivu, ni sumu inayoingia mwilini kwa moshi na vumbi, na Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wanaoumia zaidi ni watoto, nayo huwaumiza ubongo. Anayeyeyusha risasi jikoni ili apate marisau huiacha sumu hiyo karibu na chungu cha uji, na hakuna atakayeiona.

Kwa upande wa sheria, Marekani yenyewe imegawanyika nafsi. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 inahesabu ganda, fataki, baruti na kichwa kuwa risasi, kila kimoja kwa nafasi yake. Hata hivyo anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu, isipokuwa akitengeneza kwa ajili ya kuuza. Mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo liliondoa wajibu wa wauzaji kuandika kumbukumbu za mauzo ya risasi za kawaida. Jimbo la California, kwa upande wake, lilianza Julai 2019 kumtaka kila anayenunua risasi akaguliwe kwanza, na jambo hilo limepingwa mahakamani tangu hapo. Taifa linalojadili bunduki usiku na mchana limeiacha risasi, kwa sehemu kubwa, ipite bila kuandikwa.

Kwetu sisi jibu la kisheria ni fupi. Nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inazitaja zote mbili katika jina lake, silaha na risasi. Kibali cha kumiliki bunduki si kibali cha kutengeneza risasi. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ina mwelekeo huohuo. Kwa hiyo mzee wetu akijaza ganda moja tu kwenye meza yake, atakuwa amevuka mpaka, hata kama bunduki ni yake na nguruwe ni wa kwake.

Lakini yeye hakuniuliza juu ya polisi. Aliuliza juu ya dhambi, na mtu anayeuliza hivyo anastahili kujua kwa nini sheria ipo, si kwamba ipo tu. Mafundisho ya Kanisa yanamtaka mwamini atii sheria ya haki kwa dhamiri, na dhamiri haiwezi kuutambua uhaki wa sheria isiyoielewa.

Kwenye kitako cha ganda la risasi ya kiwandani hugongwa alama ndogo, herufi na tarakimu. Mara nyingi huonyesha kiwanda na mwaka. Ni kama cheti cha ubatizo: jina la mahali na tarehe. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey, yenye makao yake Geneva, ilitoa matokeo ya uchunguzi juu ya risasi zilizozagaa mikononi mwa wafugaji wa Turkana Kaskazini, nchini Kenya. Watafiti walilinganisha alama za maganda, na wakahitimisha kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilikuwa zimetoka kwa polisi wa nchi hiyo wenyewe. Kwa miaka mingi kila msiba wa wizi wa mifugo ulikuwa ukielezwa kuwa ni kazi ya silaha kutoka ng’ambo ya mpaka. Maganda yalisema jambo jingine, na mashahidi wadogo namna hiyo hawatishwi wala hawahongwi.

Ganda lililojazwa nyumbani limenyang’anywa ushahidi huo. Alama yake bado husema kiwanda fulani na mwaka fulani, ilhali fataki, baruti na kichwa vimetoka kwingine, kwa mkono mwingine, jana usiku. Mwindaji mwadilifu anayejaza maganda yake hana nia ya kudanganya, nami simshuku mzee wetu. Ila katika nchi ambazo mauaji ya porini hayana kamera wala mashahidi, kila ganda linalosema uongo humsaidia mtu mwingine, asiyemjua wala asiyemtaka. Nadhani hapa ndipo uzito wa swali lake ulipo, kuliko katika hatari ya kuungua vidole.

Dunia yenyewe imechelewa kuliona hilo. Mkataba wa Biashara ya Silaha uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013 uliiweka risasi pembeni ya orodha kuu ya silaha, katika kifungu cha peke yake, chenye masharti mepesi zaidi. Mwaka 2023 tu ndipo Baraza Kuu la Umoja huo lilipopitisha mpango wa kimataifa unaohusu risasi na mabomu tangu kiwandani hadi vinapotumika au kuteketezwa, nao hauna nguvu ya kumlazimisha mtu. Sisi wa Dar es Salaam na viunga vyake hatukuhitaji kusubiri hadi hapo kufundishwa. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la mabomu lililipuka Mbagala. Tarehe 16 Februari 2011 likalipuka la Gongo la Mboto. Katika kila mkasa watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na wazazi walitafuta watoto wao usiku kucha. Maghala hayo yalikuwa ya jeshi, yenye walinzi na wataalamu. Ni nani basi atakayesema kwamba kopo la baruti chini ya kitanda cha mzee lina ulinzi wa kutosha?

Nilipofika hapo katika kufikiri kwangu, nikagundua kwamba nilikuwa nimetazama mbali mno. Tumekuwa tukishangaa Wamarekani wanaojaza risasi mezani, kumbe vijijini kwetu risasi imejazwa nyumbani tangu enzi za babu zetu. Gobore halina ganda. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, ikashindiliwa kwa mdeki, kisha vikafuata vipande vya chuma au marisau. Bunduki yenyewe mara nyingi imetoka kwa mhunzi wa kienyeji, yule yule anayetengeneza majembe na mashoka. Haina namba, wala risasi yake haina alama. Ikimpata mtu, kitakachobaki mwilini mwake ni kipande cha nondo ambacho kingeweza kutoka katika nyumba yoyote inayojengwa wilayani.

Wenye magobore, tukubali ukweli, si majambazi wote. Wengi ni wakulima wanaolala kwenye vichanja kuanzia mahindi yanapotoa mbelewele hadi yanapovunwa, wakipiga madebe. Tembo wakiingia shambani, kazi ya mwaka huisha kwa usiku mmoja. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia iliyofiwa. Majina hayo ni mazuri. Malalamiko juu ya kuchelewa kwa fedha na udogo wake yamesikika bungeni mara nyingi, na kila anayeishi kando ya hifadhi anayajua. Jasho linalofutwa baada ya miezi mingi huwa limeshakauka lenyewe. Mwito wa kusalimisha silaha usiofuatana na jibu kuhusu tembo utaendelea kupokelewa kwa adabu na kusahaulika. Wachungaji wetu na Tume ya Haki na Amani wakizungumza na viongozi wa serikali mwezi huu, wayataje yote mawili katika kikao kimoja.

Lakini gobore halibaki shambani. Lile lile linalofukuza nguruwe hutumika kuwinda pasipo kibali, kuteka wasafiri, na kumaliza ugomvi wa mipaka ya shamba. Limewahi kubishwa hodi nalo usiku kwenye nyumba ya bibi aliyesingiziwa uchawi. Mwenyewe anaweza asijue, kwa maana huazimwa kama jembe.

Kanisa halifundishi kwamba kujilinda ni dhambi. Mtakatifu Toma wa Akwino alilieleza jambo hilo karne ya 13, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalifuata katika namba 2263 hadi 2265: anayejitetea kwa kiasi kinachohitajika hana hatia, na mwenye dhamana ya maisha ya wengine ana wajibu mzito wa kuwalinda. Kuwinda kwa ajili ya chakula au kulinda mazao nako hakupingwi. Namba 2417 inaruhusu matumizi ya wanyama kwa mahitaji ya binadamu, na namba inayofuata inakataza kuwatesa au kuwaua bila sababu. Mtakatifu Hubert, askofu wa Liège aliyefariki mwaka 727, anaheshimiwa na wawindaji kama msimamizi wao. Mtakatifu Barbara huombewa na wapiga mizinga na wachimba madini wanaofanya kazi na baruti. Kanisa limewajua watu hawa kwa karne nyingi na halikuwafukuza mlangoni.

Katekisimu hiyo hiyo inasema mambo mengine mawili. Katika namba 2269 inatukumbusha kwamba Amri ya Tano inakataza pia kumweka mtu katika hatari ya kifo pasipo sababu nzito. Aliye hatarini katika nyumba yenye baruti ni mjukuu, ambaye tayari anajua kutafuta picha za jinsi ya kuijaza. Katika namba 2316 inafundisha kwamba utengenezaji na uuzaji wa silaha vinagusa mafao ya wengi, na kwa hiyo mamlaka halali zina haki na wajibu wa kuvidhibiti. Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa, namba 511, unataja waziwazi silaha ndogo ndogo na kutaka udhibiti wa utengenezaji wake, uuzaji wake na usafirishaji wake. Baba Mtakatifu Francisko, alipolihutubia Bunge la Marekani tarehe 24 Septemba 2015, aliuliza kwa nini silaha za kuua zinauzwa kwa watu wanaopanga kuwatesa wengine, na akajibu mwenyewe kwamba sababu ni fedha, fedha iliyolowa damu.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, yapo maelezo ambayo hayasomwi mara nyingi Dominika. Wafilisti walihakikisha hapakuwa na mhunzi katika nchi yote ya Israeli, wasije Waebrania wakajitengenezea panga na mikuki. Mkulima aliyetaka kunoa shoka au jembe lake ilimpasa ateremke kwa adui na kulipa. Huo ulikuwa udhibiti wa silaha, naam, lakini udhibiti wa mtawala mgeni anayetaka watu wabaki dhaifu. Sehemu nyingine nabii Isaya anaona mataifa yakifua panga zao kuwa majembe, na nabii Yoeli anaita kinyume chake, majembe yawe panga. Kati ya manabii hao wawili mhunzi ni yule yule, na moto wake ni ule ule. Sheria inayodhibiti risasi hupata uhalali wake mbele ya dhamiri pale inapomlinda mnyonge. Ikitumika kumwacha mkulima mikono mitupu mbele ya tembo, huku risasi za serikali zikivuja kwa mlango wa nyuma kama ilivyoonekana Turkana, itafanana mno na ile ya Wafilisti. Nasema hivyo bila kumruhusu mtu yeyote kuvunja sheria. Nasema kwa sababu wanaosimamia sheria nao ni waamini wetu, na tangazo la Septemba linawahusu wao pia: daftari la ghala la risasi la kituo ni suala la Amri ya Tano sawasawa na kopo la mzee.

Dominika iliyofuata nilimkuta mzee mahali pale pale. Nikampa majibu yangu kwa utaratibu wake: kwamba sheria inakataza, kwamba hata isingekataza, nyumba yenye watoto si mahali pa baruti wala pa kuyeyushia risasi, kwamba risasi isiyohesabika ni mzigo ambao mtu mmoja hawezi kuujua mwisho wake, na kwamba akijaza huku akiyajua hayo yote, itampasa kulitaja katika kitubio, hata kama risasi hizo hazikumgusa ila nguruwe. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Basi hayo ya kujaza nimeyaacha,” alisema. Kisha akatazama pande zote mbili. “Lakini Mwalimu, tangazo lile la Paroko. Baba yangu aliniachia gobore. Liko darini. Na pembe la baruti liko pale pale, na sidhani kama limekauka. Hilo halina kibali, maana halijawahi kuwa nacho. Watapokea na baruti, au ni bunduki tu?”

Sikuwa na jibu, tukaenda pamoja kwa Paroko. Paroko alimwambia asilishushe wala asiliguse pembe, wala asilibebe kwenye bodaboda. Kwanza waende wao wawili kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kituoni wakaombe askari mwenye ujuzi aje kulichukua. Walipanga kwenda Jumatatu, baada ya Misa ya asubuhi. Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi akisikiliza, na babu yake akamwomba amwachie ile simu hadi watakaporudi.